Shajara ya kuzima huduma za Windows XP kwenye kompyuta ya skana

Huduma hapa ni programu ndogo zinazofanya kazi nyuma ya pazia bila kuonekana. Naiandika hatua kwa hatua ili mwenye mashine kama hii aifuate, na hasa ayaruke mashimo niliyoangukia. Hatua za kawaida nimezifupisha. Makosa nimeyaacha yalivyo.

## 4 Januari 2025: kabla ya kugusa kitu

Nina skana ya negativu ambayo draiva yake ya mwisho iliishia kwenye Windows XP. Kwenye mifumo mipya nimeijaribu kila namna, haitambuliki. Basi nimeitoa kabatini kompyuta ya zamani: prosesa ya kiini kimoja, RAM MB 512, diski ya GB 40, Windows XP Professional yenye Service Pack 2, yaani kifurushi cha pili cha masasisho. Kazi yake ni moja tu, kusoma negativu za picha alizopiga marehemu baba. Mikanda ya zamani zaidi imeanza kugeuka rangi ya zambarau kingoni, kwa hiyo kila mwezi unaopita bila kuisoma kuna picha zinazopotea.

Mashine inakwama hivi. Skana ikianza kusoma mkanda kwa ubora wa juu, RAM inajaa, diski inaanza kukoroma, na kichwa cha skana kinasimama katikati ya mkanda kikisubiri data ichukuliwe. Kikianza tena hakirudi palepale sawasawa. Ukiikuza picha unaona mstari mwembamba uliokatiza nyuso za watu. Picha ya namna hiyo haifai, inabidi kurudia.

Sababu ya pili ni usalama. XP iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014. Sitaiacha kwenye intaneti, lakini mara mojamoja nitaichomeka kebo ya mtandao wa ndani. Kila huduma inayosikiliza mtandaoni bila sababu ni mlango ulioachwa wazi.

Vipimo vya mwanzo. Muda wa kuwaka niliupima vibaya mwanzoni, nikisimamisha saa pale picha ya mezani inapoonekana: sekunde 58. Lakini XP huonyesha meza mapema huku huduma nyingi bado zinaanza nyuma yake. Nikapima upya hadi taa ya diski itulie, mara 3, wastani sekunde 96. Kumbukumbu inayotumika bila programu yoyote kufunguliwa: MB 214. Huduma zinazokimbia: 41.

Akiba. Nilihifadhi tawi zima la huduma lililo kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows:

reg export HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services C:\akiba\huduma.reg

Nikaiweka nakala kwenye flashi pia. Halafu nikataka orodha ya huduma zote kwa maandishi kwa amri ya sc, ambayo husimamia huduma, nikaandika sc query state= all, na orodha ikakatika katikati. Nafasi ambayo sc inatenga kwa majibu ni ndogo kuliko idadi ya huduma, na mwishoni yenyewe inaandika kuwa kuna data zaidi. Ukiongeza bufsize= 8000 orodha inatoka yote. Usiporidhika kuwa orodha imekamilika, utakuja kulinganisha na karatasi yenye mapengo.

Muda uliotumika: saa 2.

## 5 Januari 2025: huduma 17 kwa mpigo mmoja

Hapa nilifanya haraka. Nilikuwa na orodha ya huduma zinazoitwa salama kuzima, nikaandika faili la amri, nikazima 17 kwa pamoja, nikawasha upya.

Kwanza faili lenyewe halikufanya kazi. Niliandika:

sc config Messenger start=disabled

Amri ikanijibu kwa ukurasa mzima wa maelezo ya matumizi, na kwa kuwa dirisha lilijifunga lenyewe sikuona. Nikawasha mashine upya nikidhani kazi imekwisha, kumbe hakuna kilichobadilika. Baada ya alama ya usawa lazima kuwe na nafasi:

sc config Messenger start= disabled

Ukitaka Manual, yaani huduma ianze ikihitajika tu, unaandika demand; ukitaka Automatic, ianze mashine ikiwaka, unaandika auto. Na mwisho wa faili weka pause, dirisha lisifunge kabla hujasoma.

Mara ya pili faili likapita. Nikawasha upya, nikafungua programu ya skana, ikasema hakuna skana. Taa ya skana inawaka, kebo ya USB iko mahali pake, lakini kwenye Scanners and Cameras ndani ya Control Panel hapakuwa na kitu, ukurasa mweupe. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha tundu la USB. Nikaondoa draiva nikaiweka tena. Saa nzima na nusu ikapita hivyo.

Kosa lilikuwa ndani ya orodha: Windows Image Acquisition, jina fupi stisvc, huduma inayozungumza na skana na kamera. Kwa mtu asiye na skana ni kweli haina kazi. Kwangu ndiyo sababu ya kompyuta kuwepo. Aliyeandika orodha ile hakuijua mashine yangu, nami sikuisoma orodha kwa macho ya mashine yangu.

Nikazirudisha zote 17 kama zilivyokuwa. Hapo nikagundua jingine. Ukibofya faili la huduma.reg ili kurudisha akiba yote, Windows inalalamika kuwa baadhi ya funguo zinatumika na mfumo, data yote haikuandikwa. Kwa hiyo akiba hiyo ni ya kusoma thamani ya zamani na kurudisha huduma mojamoja. Usiitegemee kama kitufe cha kurudisha kila kitu nyuma.

Muda uliopotea: saa 4.

## 11 Januari 2025: mojamoja, na daftari

Utaratibu mpya: huduma moja, kuwasha upya, kujaribu skana, kuandika. Daftari lina safu nne: jina fupi, hali ya zamani, hali mpya, nilichokiona. Jina fupi ni muhimu kwa sababu ndilo linalotumika kwenye rejista na kwenye amri, na mara nyingi halifanani na jina refu la kwenye dirisha la Services. Windows Firewall, kwa mfano, ndani inaitwa SharedAccess.

Kabla ya kuzima chochote sasa naendesha amri mbili: sc qc pamoja na jina fupi, kuona huduma inategemea nani, na sc enumdepend, kuona nani wanaitegemea. Ya pili ndiyo inayookoa.

Zilizozimwa leo bila tatizo: Messenger, Alerter, RemoteRegistry, SSDPSRV, upnphost, ERSvc inayopeleka ripoti za makosa, WebClient, TrkWks, Themes, Schedule, wscsvc na winmgmt. Tatu za mwisho zitarudi kwenye shajara hii baadaye, na si kwa heri.

Themes ikizimwa madirisha yanarudi kwenye sura ya kijivu ya zamani. Sijali, mashine hii haiangaliwi kwa uzuri.

Kuhusu Messenger, haihusiani na programu ya kuandikiana ya jina linalokaribiana. Ni huduma ya kurusha ujumbe kati ya kompyuta za mtandao mmoja kwa amri ya net send, na wakati fulani matangazo ya kitapeli yalipenyezwa kwa njia hiyo yakitokea kama kidirisha katikati ya skrini. Service Pack 2 ya 2004 iliizima. Kwenye mashine hii mtu alikuwa ameiwasha tena.

Sasa jambo lililonishangaza. Nilizima huduma 12, na kumbukumbu ikashuka kutoka MB 214 hadi MB 191 tu. Jibu linaonekana ukiandika tasklist /svc. Huduma nyingi za XP hazina mchakato wao wenyewe, zinaishi pamoja ndani ya svchost.exe moja. Kwangu svchost moja ilikuwa imebeba zaidi ya huduma 20. Ukitoa tatu humo, nyumba inabaki ileile, wapangaji ndio wamepungua. Na huduma iliyo Manual na haijaanzishwa haitumii kumbukumbu hata kidogo, kwa hiyo kuibadilisha kuwa Disabled hakukuongezei kitu. Zile orodha ndefu za huduma 40 za kuzima, nusu yake ni huduma ambazo tayari zimelala.

Muda: saa 5, nyingi zikiwa za kusubiri mashine iwake.

## 18 Januari 2025: RpcSs

Hili ndilo kosa kubwa la mradi, nalieleza kwa urefu.

Kwenye dirisha la Services kuna mistari miwili inayofuatana. Mmoja ni Remote Procedure Call (RPC). Wa pili ni jina hilohilo likiongezewa neno Locator mwishoni. Wa pili, jina fupi RpcLocator, unaweza kuuzima kwenye mashine ya nyumbani wala usijue. Wa kwanza, RpcSs, ndio ambao karibu mfumo wote unautegemea. Nilitaka kuzima Locator. Nikaandika kwa mkono:

sc config RpcSs start= disabled

Amri ikajibu kuwa imefanikiwa. Haikuonya. Nikawasha upya.

Mashine ilichukua dakika kadhaa kufika mezani. Folda ya Network Connections ilikuwa tupu. Nikajaribu kuburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine, halikwenda. Kila huduma niliyojaribu kuianzisha ilikataa kwa kosa namba 1068, yaani huduma inayotegemewa haikuanza. Jasho likanitoka, kwa sababu kwenye diski hiyo tayari kulikuwa na picha 60 ambazo sikuwa nimezihamisha.

Nilichojaribu kwanza: kuwasha upya, kubonyeza F8, kuchagua Last Known Good Configuration. Nikarudi palepale pabaya. Sababu ni kwamba Windows huhesabu usanidi kuwa mzuri mara tu mtu anapofanikiwa kuingia. Nilikuwa nimeshaingia mara moja baada ya kuharibu, kwa hiyo uharibifu ndio uliokuwa umehifadhiwa kama hali nzuri ya mwisho. Ukishuku tu kwamba umeharibu kitu, usiingie. Zima pale kwenye skrini ya kuingilia, kisha F8.

Kilichoniokoa ni rejista. Regedit ilifunguka bila shida. Njia ni hii:

HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\RpcSs

Ndani yake kuna thamani inayoitwa Start. Namba zake: 2 ni Automatic, 3 ni Manual, 4 ni Disabled. Namba 0 na 1 ni za draiva zinazoanza mapema wakati mfumo unawaka, usiziguse. Yangu ilikuwa 4. Nikaandika 2, nikawasha upya, kila kitu kikarudi.

Kama regedit isingefunguka, njia iliyokuwa imebaki ni Recovery Console kutoka CD ya XP: unabonyeza R, unaingiza neno la siri la Administrator, halafu listsvc inakuonyesha huduma zote, na enable RpcSs SERVICE_AUTO_START inaiamsha. Sikuihitaji, lakini baada ya siku ya leo CD hiyo inakaa juu ya kompyuta.

Huduma hii ina historia. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulienea kupitia kasoro ya RPC kwenye mlango wa mtandao namba 135, na kompyuta zilizoguswa zilionyesha kidirisha cha kuhesabu sekunde 60 kisha zikajizima na kuwaka upya, kwa kuwa RPC ikianguka Windows imepangwa kuanza upya. Ndiyo maana wengi wakaanza kushauriana kuizima. Ushauri huo ni mbaya. Mlango 135 unazibwa na faiwoli, programu inayozuia miunganisho ya mtandaoni isiyoruhusiwa, huduma yenyewe inaachwa hai.

Muda: saa 3. Picha zote 60 zimehamishiwa kwenye flashi kabla sijalala.

## 19 Januari 2025: Service Pack 3 inagoma

Nilikuwa na faili la Service Pack 3 ya 2008 kwenye flashi. Asubuhi nilikuwa nimezima pia CryptSvc. Usakinishaji ukasimama mwanzoni kabisa, ukidai hauwezi kuthibitisha uhalali wa faili la update.inf na kunitaka nihakikishe huduma ya Cryptographic inafanya kazi.

Safari hii ujumbe ulisema ukweli. CryptSvc ndiyo inayokagua saini za mafaili ya mfumo na za draiva. Nikaiweka auto, nikaianzisha kwa net start cryptsvc, usakinishaji ukapita. Inabaki hivyo.

Mpangilio sahihi ulikuwa kusakinisha kila kitu kwanza, Service Pack, draiva, programu, ndipo kupunguza huduma.

Muda: saa 1 na nusu.

## 25 Januari 2025: wiki mbili bila faiwoli

Leo nilichomeka kebo ili kupima mtandao. Kutoka kompyuta nyingine nikapiga ping, yaani kuiuliza mtandaoni kama ipo, kwenda mashine ya XP, ikajibu. Haikupaswa kujibu. Faiwoli ya XP isiyo na ruhusa yoyote iliyofunguliwa hukataa ping kutoka nje.

Nikaandika sc query SharedAccess. Jibu: STOPPED.

Sikuizima mimi. Nikafungua Event Viewer, na huko kosa namba 7001 lilikuwa limejipanga, mstari mmoja kwa kila mara niliyowasha mashine tangu 11 Januari: huduma ya Windows Firewall inategemea Windows Management Instrumentation, ambayo haikuanza kwa kuwa imezimwa. Hiyo ndiyo winmgmt. Niliizima siku ile kwa sababu nilisoma kuwa ni ya wasimamizi wa mitandao ya ofisi.

Kwa kawaida Windows ingepiga kelele. Kungekuwa na ngao nyekundu karibu na saa, pamoja na ujumbe kuwa faiwoli haifanyi kazi. Lakini ngao hiyo huonyeshwa na Security Center, wscsvc, na hiyo nayo nilikuwa nimeizima siku ileile. Niliondoa mlinzi, kisha nikaondoa kengele ambayo ingeniambia mlinzi hayupo. Na dalili ilikuwepo: wiki iliyopita nilifungua msinfo32, ikashindwa kukusanya taarifa za mfumo, nikaifunga nikaendelea na mambo mengine. Hiyo nayo hutegemea winmgmt.

Ninachojutia zaidi ni kwamba sc enumdepend winmgmt ingenionyesha SharedAccess. Nilijiwekea kanuni ya kuiendesha kila mara, na kwa huduma ya 12 nilikuwa nimechoka nikairuka.

Marekebisho:

sc config winmgmt start= auto
net start winmgmt
net start SharedAccess
sc config wscsvc start= auto

Ping haijibu tena. Katika wiki hizo mbili kebo ilichomekwa mara mbili, kwa dakika chache. Hata hivyo nilikagua diski nzima kwa CD ya kutafuta virusi, saa 2, haikupata kitu.

Kisha nikaendelea na milango yenyewe. Amri ya netstat -ano kwenye XP inaonyesha mlango na namba ya mchakato uliouwasha, na ukilinganisha na tasklist /svc unampata mwenyewe. Mlango 1900 wa UDP ulikuwa umeshaondoka pamoja na SSDPSRV. Milango 500 na 4500 ya UDP ni ya IPSEC Services, jina fupi PolicyAgent, nikaizima. Mlango 123 ni wa W32Time, huduma ya saa, nikaizima pia.

Ulionisumbua ni 445. Nilizima Server, jina fupi lanmanserver, pamoja na Browser inayoitegemea, na 445 ukabaki kwenye orodha ukimilikiwa na mchakato namba 4, ambao ni mfumo wenyewe. Unafunguliwa na draiva ya NetBT, si huduma ya kwenye dirisha. Dawa ni kuongeza thamani ya DWORD kwenye rejista, mahali hapa:

HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\NetBT\Parameters

Jina lake SmbDeviceEnabled, thamani 0, kisha kuwasha upya. Mlango ukapotea.

Kati ya yote niliyofanya mwezi huu, hili naliona ndilo lenye thamani kubwa zaidi, ingawa halikuongeza kasi hata kwa sekunde. Mnyoo wa Conficker wa 2008 uliingia kupitia huduma ya Server. Mwingine, WannaCry ya Mei 2017, ilipita kwenye mlango 445, na ilikuwa kali kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka cha XP miaka mitatu baada ya kuacha kuihudumia. Mashine isiyo na haja ya kugawa mafaili haina haja ya kuwa na mlango huo.

Hasara yake: sasa siwezi kuvuta mafaili kutoka XP kwa mtandao. Hata hivyo kompyuta mpya nyingi hazizungumzi tena lugha ya zamani ya kugawana mafaili, SMB, ambayo XP inaijua, na kuiwasha huko ili kumfurahisha mzee huyu ni kuiweka kompyuta nzima hatarini. Nahamisha kwa flashi. Nimezima na ShellHWDetection ili flashi isijifungulie kitu yenyewe ikichomekwa.

Muda: saa 6.

## 1 Februari 2025: saa inarudi nyuma, na Task Scheduler

Picha za wiki hii zimehifadhiwa na tarehe ya Januari 2002. Nikamshuku W32Time mara moja, kwa kuwa niliizima Jumamosi iliyopita. Nikairudisha, saa haikubadilika, bila shaka, maana hakuna intaneti ya kuchukulia muda. Nikahangaika nayo kama dakika 40 kabla ya kuingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe nje ya Windows, na kuona kuwa huko pia saa ni ya 2002. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032, imekufa. Kila nikichomoa umeme, saa inaanza upya.

Gharama ya pesa ya mradi mzima ni betri hiyo moja. W32Time imezimwa tena.

La pili. Programu ya skana niliisakinisha upya baada ya Service Pack 3, na tangu hapo inachelewa sana kufunguka kila siku, si mara ya kwanza tu. Ukifungua folda ya C:\Windows\Prefetch na kupanga kwa tarehe, faili jipya kabisa ni la 11 Januari. Hakuna faili la .pf la programu ya skana iliyosakinishwa upya. XP huandika humo kumbukumbu ya vipande ambavyo programu husoma inapofunguka, ili mara nyingine ivisome mapema, na kazi ya kuandika hupitia Task Scheduler, Schedule. Huduma hiyohiyo ndiyo hupanga upya mafaili ya kuwakia kwenye diski mashine ikiwa imetulia. Nimeirudisha auto. Baada ya kufungua programu mara mbili, faili lake la .pf limeonekana, na kufunguka kumepungua kutoka sekunde 31 hadi 19.

Muda: saa 2.

## 8 Februari 2025: mkanda bila mstari

Huduma zinazokimbia sasa ni 27. Kumbukumbu MB 172. Kuwaka sekunde 81. Na bado, jana, mkanda wa nne ulitoka na mstari katikati.

Safari hii sikugusa orodha yoyote. Niliweka mkanda, nikaanza kusoma, nikafungua Task Manager kando na kupanga michakato kwa matumizi ya prosesa. Kichwa cha skana kikaenda vizuri robo ya kwanza. Mara tu picha iliyotangulia ilipomaliza kuandikwa kwenye diski, mchakato mmoja ukapanda juu ya orodha: cidaemon.exe. Diski ikaanza kukoroma. Kichwa kikasimama.

Cidaemon ni mkono wa Indexing Service, cisvc, huduma inayosoma mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. Kwenye XP kwa kawaida ni Manual na imelala, ndiyo maana orodha niliyoanza nayo iliiruka. Kwenye mashine hii mtu aliwahi kuiwasha kupitia dirisha la utafutaji, ikawa Automatic. Kila picha mpya inapotua kwenye folda, inakwenda kuichungulia, diski ileile ambayo skana inaandikia.

sc enumdepend cisvc: hakuna anayeitegemea.

net stop cisvc
sc config cisvc start= disabled

Nikasoma mkanda uleule. Kichwa kilikwenda kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sauti moja, bila kusita. Nikasoma wa pili, wa tatu, picha ya awali ikiwa inaandikwa. Hakuna mstari. Kwenye fremu ya tatu mama amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza maua ya gauni lake yanahesabika.

Hali ya sasa, kwa atakayenakili.

Zimezimwa: Messenger, Alerter, RemoteRegistry, SSDPSRV, upnphost, ERSvc, WebClient, TrkWks, Themes, RpcLocator, lanmanserver, Browser, PolicyAgent, W32Time, ShellHWDetection, cisvc, pamoja na wuauserv ya masasisho, ambayo kwenye mashine isiyo na intaneti haina la kufanya.

Zilizozimwa kisha zikarudishwa: stisvc, RpcSs, CryptSvc, winmgmt, wscsvc, Schedule.

Sijaigusa Print Spooler kwa kuwa nitachapa baadhi ya picha. System Restore nayo naiacha: ukiizima kupitia System Properties, XP inafuta alama zote za kurudi nyuma, na bado nina mikanda 38 ya kusoma.